Mabingwa wa Safari Rally na somo kwa madereva wa Ufipa

SUMBAWANGA

MAZOEA yana taabu, walisema wahenga. Usemi huo hudhihirika kila dereva anapohama aina moja ya gari kwenda nyingine, awe katika mashindano ya mbio za magari au katika miteremko ya Ufipa, mkoani Rukwa.

Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, imetoa mabingwa ambao hawakufungwa na gari moja. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye silinda sita. Baadaye alitwaa ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet ya silinda nne.

Kipaji pekee hakitoshi. Dereva wa mbio anayepewa gari jipya hulijaribu kwanza: breki zinashika vipi, uzito umeelemea mbele au nyuma, na gari linateleza namna gani kwenye kona. Huongeza mwendo baada ya kupata majibu hayo. Kwa maneno mengine, hujifunza kulisimamisha kabla ya kulikimbiza.

Somo hilo lina uzito mkubwa Ufipa. Sumbawanga ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa takriban mita 800. Anayetoka mjini kwenda ziwani huteremka karibu mita 1,000.

Dereva wa lori amezoea kuteremka kwa gia ndogo, injini ikizuia mwendo. Akikabidhiwa gari dogo la otomatiki na kuliacha kwenye D, injini haizuii vya kutosha. Hukanyaga breki muda wote, nazo hupata moto na kupoteza nguvu. Aliyezoea gari dogo naye, akipewa lori la breki za upepo, asipojua kwamba kuzipiga mfululizo hupunguza upepo kwenye tangi, huhatarisha maisha yake na ya wengine.

Aidha, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyowekewa lami kwa fedha za Marekani kupitia mkataba wa MCC wa mwaka 2008, imeruhusu mwendo mkubwa kuliko enzi za vumbi. Muda wa kusahihisha kosa umepungua.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva awe na leseni ya daraja la gari analoendesha. Hata hivyo, leseni haimfundishi tabia ya kila gari ndani ya daraja hilo. Jukumu hilo hubaki kwa dereva, na kwa mmiliki anayemkabidhi ufunguo alfajiri huku abiria wakisubiri.

Nusu saa ya majaribio kwenye tambarare, gari likiwa tupu, ni gharama ndogo. Bingwa wa mbio haoni aibu kuitumia. Anayebeba roho za watu ana sababu zaidi ya kufanya hivyo kabla hajaukaribia mteremko.