Usimuuzie mteja tenki na samaki siku moja

Wadau, najua wapo watakaonipinga, ila acha niseme.

Nauza samaki wa mapambo mtandaoni, nipo Ibadakuli, Shinyanga. Nilipoanza tangazo langu lilikuwa: "Seti kamili, leo leo! Tenki, pampu na samaki kumi." Mteja mmoja wa mjini akalipa yote, nikampelekea kwa bajaji. Siku ya tatu samaki wakaanza kuhema juu ya maji. Siku ya sita wamebaki wawili. Akaniandikia: "Umeniuzia samaki wagonjwa, mtoto analia hapa." Na status alikuwa ameshaposti.

Samaki hawakuwa wagonjwa. Tenki ndilo lilikuwa changa.

Iko hivi. Samaki anajisaidia humohumo anamopumulia. Uchafu wake na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria wanaokaa kwenye sponji ya filta na kwenye mawe. Wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo makali yake ni madogo na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tenki jipya halina hao bakteria. Kujaa kwao huchukua kama wiki 4 hadi 6. Maji kung'aa sio kigezo.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Nauza tenki kwanza. Kwa samaki napokea kianzio tu.

2. Nampa mteja kipande cha sponji ya filta kutoka tenki langu la zamani lenye samaki wazima, kikiwa kimelowa. Bakteria wanaanzia hapo, muda unapungua.

3. Kila siku anatia chembe chache za chakula ili bakteria wapate cha kula. Pampu haizimwi usiku, maana nao wanahitaji hewa.

4. Maji ya bomba yana klorini, inayoua samaki na bakteria. Anayaacha siku nzima kwenye ndoo isiyo na mfuniko, au anatumia dawa ya kuondoa klorini. Sponji anaisuuza kwa maji ya tenki, sio ya bomba.

5. Kipimo kikionyesha amonia na naitraiti ni sifuri, napeleka samaki wawili watatu. Wengine baadaye.

Utaniambia, "Boss, mteja hasubiri, ataenda kwa mwingine." Ni kweli, wapo walioniacha. Lakini anayesubiri ananitumia picha ya tenki kila wiki, ananiuliza chakula, ananiuliza mawe. Huyo nimemuuzia mara tatu kabla hajaona samaki hata mmoja, na samaki wake wakiishi ananiletea jirani yake.

Yule wa kwanza nilimrudishia hela ya samaki siku hiyohiyo. Jina langu ndilo lililochukua miezi kurudi.

Kama unauza kitu chenye uhai, iwe samaki, vifaranga au miche, biashara haiishi pale muamala unaposoma. Inaisha pale kile kiumbe kinapoishi kwa mteja. Mwambie ukweli kabla hajalipa, hata kama utachelewa kula hela yake.

Wewe unayeuza vitu vya aina hii, mteja mwenye haraka unamjibuje?