Foleni ya jeshi yageuka dira ya vijana wa Masara

KILA Wizara ya Ulinzi inapotangaza tarehe za kuwasajili makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), habari hizo huenea upesi Masara, katika eneobunge la Suna Magharibi, Kaunti ya Migori. Vijana waliomaliza Kidato cha Nne huacha kwa muda machimbo ya dhahabu, bodaboda na mashamba ya mahindi. Vyeti hutolewa sandukuni, mabuti hubadilishwa kwa raba za kuazima, na alfajiri barabara hujaa wanaokimbia ili wawe na pumzi siku ya siku itakapowadia.

Hali ni iyo hiyo katika kaunti jirani ya Homa Bay na kwingineko nchini. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni iwapo vijana hao wanataka kuwa wanajeshi, au wanachotafuta ni mtu wa kuwaambia waelekee wapi baada ya shule. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumezigharimu familia nyingi mali na matumaini.

Kwa muda wa miaka minne, mwanafunzi wa shule ya upili huishi kwa kengele. Huambiwa saa ya kuamka, ya kula, ya kusoma na ya kulala. Mtihani wa KCSE unapokamilika Novemba, kengele hiyo hunyamaza. Matokeo hutoka Januari, nao wanaoitwa vyuo vikuu husubiri hadi Agosti au Septemba. Katika miezi hiyo yote hakuna afisi ya serikali inayomuuliza kijana wa Masara ana mpango gani.

Matokeo ya KCSE ya 2024 yanaonyesha ukubwa wa tatizo hili. Kati ya watahiniwa 962,512, waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo tikiti ya kujiunga moja kwa moja na chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliosalia, zaidi ya 716,000, walilazimika kutafuta njia nyingine. Hata miongoni mwa waliofuzu, wapo ambao wazazi wao hawakuwa na karo.

Masara ina jibu lake kwa vijana wa aina hiyo, nalo ni dhahabu. Ukanda huu una historia ndefu ya uchimbaji; mgodi wa Macalder ulio karibu, katika Nyatike, ulikuwa ukitoa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mnamo 1966. Siku hizi wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na tochi, huponda mawe, na kuikamata dhahabu kwa zebaki, kemikali inayodhuru ubongo na figo. Pesa hupatikana leo na kuisha leo. Kijana anayeingia shimoni Desemba akisema ni kwa muda tu hujipata mwaka wa tatu akiwa bado humo.

Ni katika mazingira haya ambapo tangazo la jeshi hupata mvuto wake. Tangazo hilo halina maneno ya kuzungukazunguka. Anayetaka kuwa mwanajeshi wa kawaida awe raia wa Kenya, mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 26, asiye na rekodi ya uhalifu, mwenye alama ya wastani isiyopungua D katika KCSE na kimo kisichopungua mita 1.60. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili na mafunzo. Tarehe hutajwa, uwanja hutajwa, na stakabadhi zinazohitajika hutajwa.

Kwa aliyepata D, huenda hilo ndilo tangazo pekee la kitaifa linalomtaja kama mtu anayehitajika. Hata hivyo, alama hiyo hiyo ya D humruhusu kusomea cheti cha ufundi katika chuo cha kiufundi, awe fundi wa umeme, wa mabomba au wa magari. Tofauti ni kwamba chuo hudai karo ilhali jeshi hulipa mshahara, na kwamba siku ya kujiunga na chuo haitangazwi kwa kishindo kama ile ya jeshi.

Siku yenyewe ya usajili huwa fupi kuliko maandalizi yake. Vijana hufika uwanjani kabla ya jua kuchomoza. Stakabadhi hukaguliwa, kimo na uzani hupimwa, kisha huja mbio. Wanaosalia hukaguliwa meno, macho, nyayo na makovu, na baadaye hufanyiwa vipimo vya kiafya. Wachache huondoka na barua ya wito kwenda Eldoret, ambako makurutu hufunzwa. Wengi hurudi nyumbani kabla ya jioni kwa sababu ya sentimita moja, jino lililong'oka au jina lililoandikwa visivyo kwenye cheti.

Anayekataliwa kwa misingi hiyo hajaambiwa kwamba hafai maishani. Ameambiwa kwamba mwili wake au karatasi zake hazikulingana na orodha ya siku hiyo. Lakini kwa aliyeweka mwaka mzima wa maisha yake juu ya saa zile chache, ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo mawili. Wako wanaorudia mwaka baada ya mwaka hadi umri unapowapita, bila kujifunza kazi nyingine katika muda huo wote.

Pengo hilo kati ya wengi wanaotaka na wachache wanaochukuliwa ndilo shamba la matapeli. Kila msimu wa usajili, wakuu wa jeshi huwaonya wananchi dhidi ya kutoa mlungula, na kila msimu hujitokeza mabroka wanaodai kuwa na mtu wao ndani. Visa vya vijana kufika Eldoret wakiwa na barua bandia vimeripotiwa zaidi ya mara moja. Badala ya kupewa sare, wenye barua hizo hutiwa mbaroni na kugeuzwa washukiwa.

Hasara hiyo haimwangukii kijana peke yake. Pesa za broka hutokana na fahali wa kulimia, na pengine na kipande cha shamba ambacho ndugu wadogo walitarajia kukirithi. Isitoshe, sheria haimhurumii mtoaji. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10 jela, faini ya Sh5 milioni au zote mbili. Mzazi aliyetapeliwa hukosa basi hata ujasiri wa kwenda kituo cha polisi, kwa kuwa kupiga ripoti ni kujishtaki.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuondoa wasiwasi unaowafanya watu waamini mabroka. Kifungu cha 238 kinaagiza kwamba usajili katika vyombo vya usalama wa taifa uakisi sura ya Wakenya wote kwa usawa. Ndiyo maana usajili hufanywa mashinani. Kwa wakazi wa kusini mwa Nyanza, ambako Wajaluo, Wakuria na Waabasuba huishi pamoja, agizo hilo lina uzito wake, maana uhusiano wa eneo hili na jeshi umepitia mengi.

Zaidi ya karne moja iliyopita, vita vilifika hapa vyenyewe. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani waliokuwa wakitawala upande wa pili wa mpaka waliingia Karungu, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, wakasonga hadi Kisii ambako walipambana na Waingereza. Miaka iliyofuata, wanaume wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza. Usombaji mkubwa zaidi ulifanyika 1917, ukiongozwa na John Ainsworth, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa huo. Wengi wa wapagazi nchini walikufa kwa maradhi na njaa, wala si kwa risasi. Ni kinaya kwamba mababu walisombwa kwa nguvu, ilhali vitukuu wao wanauza mifugo ili wachukuliwe.

Jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982 liliacha jeraha jingine. Kwa kuwa liliongozwa na Hezekiah Ochuka, mwanajeshi wa cheo cha chini katika Jeshi la Wanahewa aliyetoka Nyanza, wengi katika eneo hilo waliamini baadaye kwamba milango ya jeshi imefungwa kwao. Hata hivyo, mwaka wa 1984, miaka miwili tu baada ya jaribio hilo, kijana mmoja kutoka Siaya alijiunga na jeshi. Jina lake lilikuwa Francis Ogolla. Alisomea urubani wa ndege za kivita, akapanda ngazi, na Aprili 2023 akateuliwa Mkuu wa Majeshi. Alifariki Aprili 18, 2024, helikopta yake ilipoanguka Elgeyo Marakwet.

Maisha ya Jenerali Ogolla hutajwa sana kama kichocheo kwa vijana, na ni haki. Lakini yanapaswa kusomwa yote. Ilimchukua miaka 39 kutoka siku ya kujiunga hadi kilele, na katika muda huo hakuacha kusoma. Isitoshe, alikufa akiwa kazini. Kwake jeshi lilikuwa kazi ya maisha yote, na anayelitafuta kama mahali pa kujificha kwa muda akingoja mambo yatengenee hatafuti alichokitafuta jenerali huyo.

Kazi hiyo ina sheria ambazo hazijulikani vyema uwanjani. Mwajiriwa wa kampuni akichoka huandika barua ya kujiuzulu. Mwanajeshi anayetoroka kambini huitwa mtoro na hufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Aidha, Kenya iliingiza wanajeshi wake Somalia mnamo Oktoba 2011, na waliosajiliwa baada ya hapo walijua au walipaswa kujua kwamba mafunzo yaweza kuwafikisha huko. Januari 15, 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa na Al-Shabaab, na Januari 27, 2017 ikafuata ya Kulbiyow. Wazazi wanaowasukuma watoto wao kwenye foleni wakihesabu mshahara wanafaa kuzitaja tarehe hizo pia mezani.

Wapo wanaopendekeza kwamba serikali iwape vijana wote mafunzo ya kijeshi ili wapate nidhamu na mwelekeo. Mfano uko karibu mno na Migori. Nchini Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa 1963, na mafunzo ya lazima kwa wahitimu, yaliyositishwa 1994, yalirejeshwa 2013 kwa wanaomaliza Kidato cha Sita. Wazo hilo halikupokewa kwa shangwe tangu mwanzo. Mwaka wa 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kulipinga, na Rais Julius Nyerere akawafukuza chuoni karibu 400.

Kenya nayo ilijaribu. Kati ya 1984 na 1990, waliochaguliwa kwenda vyuo vikuu walipitia kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Lakini mpango huo uliwalenga wale ambao tayari walikuwa na njia. Aliyekosa chuo alibaki kijijini. NYS yenyewe, iliyoanzishwa 1964, bado huchukua vijana, huwafunza ukakamavu kule Gilgil na kuwapa fursa ya kujifunza ufundi. Kwa anayetaka nidhamu na ujuzi bila kujifunga kwenda vitani, hiyo ni njia inayofaa kupimwa sawasawa na ya KDF.

Umuhimu wa kutoa mwelekeo mapema ulidhihirika kwa uchungu mwaka wa 2025. Vijana waliokuwa wameahidiwa kazi za kawaida nchini Urusi walijikuta wamevalishwa sare na kupelekwa kupigana Ukraine. Novemba mwaka huo, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Musalia Mudavadi alisema zaidi ya Wakenya 200 huenda walikuwa wamejiunga na jeshi la Urusi. Anayetafuta jeshi lolote litakalomchukua, kwa sababu hana lingine la kufanya, ni windo jepesi kwa mawakala wa aina hiyo.

Haya yote hayamaanishi kwamba kijana wa Masara asiende uwanjani. Nchi inahitaji wanajeshi, na ni heshima kuitumikia. Anayekwenda aende akijua anachoomba, akiwa na stakabadhi zake halali na bila senti ya broka mfukoni. La muhimu zaidi, awe na mpango wa pili ulioandikwa kabla ya siku hiyo: chuo gani, kozi gani, karo kiasi gani, na ombi la mkopo wa elimu litumwe lini. Fahali anayekusudiwa kuuzwa kwa ajili ya broka anaweza kulipia muhula katika chuo cha ufundi, na risiti ikapatikana.

Jukumu kubwa, hata hivyo, si la kijana. Shule zinazomaliza kazi yake siku ya mtihani wa mwisho zingeweza kumwita tena mwanafunzi anapochukua matokeo, akaonyeshwa milango ambayo alama yake inafungua. Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo hutoa basari, zingeweza kutangaza siku za kujiunga na vyuo vya kiufundi kwa uwazi ule ule wa tangazo la jeshi, yaani tarehe, uwanja, masharti na stakabadhi. Maafisa wa vyuo waje mashinani kama wanavyokuja maafisa wa KDF, wawasajili vijana papo hapo.

Hilo likifanyika, foleni ya jeshi huenda ikapungua, lakini watakaosalia humo watakuwa wale wanaolitaka jeshi lenyewe. Mavuno bora huanzia kwenye mbegu iliyochaguliwa, na KDF itanufaika zaidi na kurutu aliyeamua kuliko yule aliyekosa pa kwenda.