Sitapeliki? Sawa. Na Serikali Je?

Vijana wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, leo tuongee kuhusu meseji. "Ile hela itume kwenye namba hii." "Hongera, umeshinda." Kila mwenye laini anazijua. Wengi wetu tunacheka, tunafuta, maisha yanaendelea.

Lakini wapo wasioweza kufuta tu, wale ambao namba yao ndiyo duka lao. Dada anayeuza mchele wa Kyela mtandaoni akiwa Mwanjelwa. Kijana anayetafutia soko parachichi za Rungwe. Vijana wa Iringa wanaopeleka wageni Hifadhi ya Ruaha. Hawa lazima waweke namba hadharani, na lazima wafungue kila meseji kwa sababu yoyote inaweza kuwa ya mteja. Mwenye tovuti anaamka asubuhi anakuta fomu ya mawasiliano imejazwa matangazo ya kamari na mikopo, oda ya kweli imefukiwa katikati. Mbaya zaidi, tapeli anachukua jina na picha za biashara yako, anawaandikia wateja wako kwamba namba ya malipo imebadilika. Mteja akishalizwa, anakulaumu wewe.

Je, sheria hakuna? Ipo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kutuma meseji ambazo mpokeaji hakuziomba. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyopata mhusika, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Ila kuna tundu: kifungu kinataka mtumaji awe na nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo hiyo. Anayekumwagia matangazo mia kwa siku bila nia hiyo, anapita.

Na hata tapeli mwenyewe, anajifichaje? Mwaka 2019 tulipanga foleni za NIDA na za alama za vidole. Kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa lengo mojawapo ni kukomesha uhalifu. Kama kila laini ina kidole cha mtu, laini ya tapeli ina kidole cha nani? TCRA yenyewe hutoa ripoti kila robo mwaka zenye hesabu ya majaribio ya utapeli kwa mikoa, na jirani zetu Rukwa wamekuwa wakitajwa juu kabisa pamoja na Morogoro. Sisemi hivyo kuwasimanga watu wa Sumbawanga. Ninachosema ni kwamba anayeweza kuhesabu mkoa kwa mkoa hawezi kudai haoni.

Sasa linganisha. Polisi walipotaka taarifa za watumiaji wa JamiiForums, Maxence Melo alikataa kuzitoa. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini milioni 3 au jela mwaka mmoja, chini ya sheria hii hii ya 2015. Milioni 3 ndiyo pia faini ya chini ya anayesambaza meseji za kero. Yaani aliyelinda watumiaji wa tovuti yake amewekwa mizani moja na anayewasumbua. Kwa mkosoaji sheria ina mbio, kwa tapeli inachechemea.

Halafu tunaletewa kampeni ya "Sitapeliki". Elimu ni nzuri, hatupingi. Lakini sikiliza neno lenyewe: mzigo wote kabebeshwa mwananchi. Mama ntilie akitapeliwa, basi ni uzembe wake?

Tunachodai ni vitu vitatu. Kwanza, kifungu cha 20 kirekebishwe kiwabane pia wanaotuma matangazo kwa wingi bila ridhaa. Pili, ripoti za TCRA zionyeshe pia wangapi wameshtakiwa na wangapi wamerudishiwa hela zao, siyo majaribio tu. Tatu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ifike Mbeya na Iringa. Sheria ya 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo ya biashara, ila haki usiyoijua ni kama huna.

Wakati tunadai, tusikae mikono mitupu. Piga *106# ujue laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ile usiyoijua kaifute. Meseji ya kitapeli itume 15040 pamoja na namba iliyoileta. Kwenye tovuti na kurasa za biashara weka uthibitisho wa hatua mbili, na nywila usimpe kila msaidizi. Kwenye fomu omba jina na namba tu. Usikusanye namba za NIDA za wateja ambazo huna kazi nazo, maana siku ukiibiwa, wao ndio watakaoumia. Na uwaambie wateja wako mapema, kwa maandishi: namba yetu ya malipo ni hii moja, ikibadilika tutakupigia.

Mgombea yeyote atakayekuja kutuomba kura kwa hadithi za uchumi wa kidijitali, tumuulize swali moja: kifungu cha 20 umekifanyia nini?