Pasilalia: Lugha ya Wote au Lugha ya Mabwana?

Ndugu wanachama, liko neno moja ambalo hata wasomi wengi hawalijui: pasilalia. Limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni usemi wa watu wote, yaani lugha moja ya wanadamu wote. Neno ni geni, lakini jambo lenyewe twalisikia kila siku. Twaambiwa, "Kiswahili chenu ni cha nyumbani. Lugha ya dunia ni Kiingereza, wasomesheni watoto kwa hiyo." Leo twawajibu wasemao hivyo.

Sisi hatupingi wanadamu kuelewana. Daktari wa macho L. L. Zamenhof, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Bialystok, aliwaona Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi wa mji ule wakichukiana, akaamini kuwa dawa ni lugha isiyo ya taifa lolote. Mwaka 1887 akatoa kitabu cha kwanza cha Kiesperanto. Nia yake twaiheshimu. Lakini tazameni maneno ya lugha hiyo: karibu yote asili yake ni Ulaya. Mwafrika na Mchina walialikwa karamuni chakula kikiwa kimekwisha kupikwa.

Na hata hiyo wakubwa hawakuitaka. Ilipozungumzwa Geneva, katika Shirikisho la Mataifa la wakati ule, Ufaransa iliipinga, na mwaka 1922 waziri wake wa elimu akakataza isifundishwe katika shule za serikali. Kwa nini? Kwa sababu mwenye lugha inayotawala hataki lugha ya wote, ataka lugha yake iwe ya wote.

Waingereza walitumia njia nyingine. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850 ili kitumike duniani kote. Mwaka 1943 Churchill alikisifu hadharani huko Harvard, wakati Tanganyika, Kenya na Uganda zingali chini ya bendera yao. Je, twahitaji kuambiwa lugha hiyo ya dunia ilikuwa kwa faida ya nani?

Sisi tuliosomea ualimu twaiona hasara yake darasani. Mtoto wa Tanzania asoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha afika kidato cha kwanza na kukuta hesabu na elimu ya viumbe ni kwa Kiingereza. Jana alikuwa na maswali tele, leo yu kimya. Hakunyamaza kwa ujinga, amenyamaza kwa kukosa maneno. Anakili ubao asioufahamu, na mtihani ukimshinda aitwa mzito wa kichwa. Huko ndiko kuelewana na dunia?

Hatusemi Kiingereza kitupwe. Kifundishwe kama somo, na walimu wanaokijua barabara. Lugha ya kigeni ni dirisha zuri, lakini haifai kuwa kufuli la mlango wa elimu.

Kiswahili hakikutungwa na mtu mmoja mezani. Kilizaliwa pwani, kikachukuliwa bara na wapagazi, wachuuzi na walimu, hata makabila zaidi ya mia yakaweza kukaa katika mkutano mmoja na kudai Uhuru kwa sauti moja. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 2021 UNESCO iliichagua tarehe hiyo hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Basi ni aibu iliyoje, lugha ipewe kiti Addis Ababa, kisha inyimwe dawati katika kidato cha kwanza nyumbani kwake!

Wanachama, mkataa kwao ni mtumwa. Katika mkutano wa tawi lenu waulizeni wabunge na madiwani: vitabu vya sayansi vya sekondari kwa Kiswahili vitaandikwa lini, na nani azuia? Msikubali jibu la kwamba lugha yetu haina maneno. Maneno huja kwa kutumika. Walioweza kuitumia kuuondoa ukoloni hawatashindwa kuitumia kufundisha hesabu.

Uhuru na Umoja!