Watoto Hawa Nao Waitwe Uwanjani

Ni shida kuipata kambi ya jeshi au ya polisi katika Uganda isiyo na mahali pa kuchezea mpira. Penye kikosi kikubwa pana uwanja wenye magoli ya chuma. Penye kituo kidogo pana kiwanja cha vumbi na mawe mawili. Saa kumi na moja jioni watoto wa askari hujaa hapo. Wachezao hucheza, na wasiocheza husimama kando wakishangilia. Lakini wako wengine ambao hawasimami hata kando. Hao wamo ndani ya nyumba, wamelazwa mkekani au wameegemezwa ukutani kwa mto, wakiisikia filimbi bila ya kuuona mpira.

Tunawataja watoto waliopatwa na kupooza kwa ubongo. Wengi huuita ugonjwa huu mtindio wa ubongo, jina ambalo hatulipendi sana, kwa kuwa humfanya msikiaji adhani kwamba akili ya mtoto imevurugika. Si hivyo sikuzote. Ubongo hudhurika mtoto akiwa angali tumboni, au akosapo hewa katika uzazi mgumu, au baadaye kwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Iliyoumia ni sehemu iviongozayo viungo. Basi mkono hukakamaa, mguu hukataa kwenda, ulimi huwa mzito. Askari aliyepata kutumia simu ya waya vitani atatuelewa upesi: nia ya mtoto imetoa amri sawasawa, lakini ujumbe umeharibika njiani. Ugonjwa huu hauambukizi. Si laana ya ukoo, wala si malipo ya jambo alilolitenda baba yake alipokuwa vitani, ingawa tumewasikia wanaume wazima, wenye nishani kifuani, wakilisema hilo kwa sauti ya chini.

Mwaka 2015 wataalamu walipita katika wilaya za Iganga na Mayuge, wakawachunguza watoto 31,756 wenye umri wa miaka 2 hadi 17. Hesabu yao, iliyotangazwa mwaka 2017, ni watoto wapatao 3 katika kila 1,000. Waliona tena kwamba miongoni mwa watoto wakubwa idadi hiyo ilikuwa ndogo kuliko miongoni mwa wadogo. Kwa kuwa ugonjwa huu hauponi, msomaji anafahamu hao waliopungua wamekwenda wapi.

Kambi yenye watoto 1,000, basi, yaweza kuwa nao watatu. Watatu si wengi. Ndiyo maana ni rahisi kuwasahau, na ndiyo maana vile vile hakuna kamanda awezaye kusema kwamba mzigo wao umemshinda.

Katika kambi moja tulimkuta sajini aliyekuwa amerejea kutoka Somalia. Alikuwa amewaletea wanawe wawili mpira mpya, na binti yake wa miaka tisa, ambaye hawezi kusimama, amemletea gauni. Tulipomwuliza kwa nini huyu hakupata kitu cha kuchezea, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Afande, huyu ni wa kutunzwa tu." Sajini huyu si baba mbaya. Bei ya dawa za kifafa aliijua kwa moyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto kumtoa nje tulipofika. Baadaye mmoja wa ndugu zake aliuviringisha ule mpira hadi magotini pake. Akausukuma kwa kiwiko, ukaenda upande usiotakiwa, akacheka mpaka udenda ukamtoka. Mama yake alikimbia kumpangusa. Baba yake hakusema neno, alitazama tu.

Mchezo ni haki ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 juu ya haki za watoto umelisema hilo katika kifungu cha 31, na Uganda iliuridhia mwaka 1990. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, tuliouridhia mwaka 2008, umelirudia katika kifungu cha 30. Lakini karatasi haimtoi mtoto mkekani. Mwaka 2009 walitangaza matokeo yao wataalamu waliowachunguza watoto 818 wenye ugonjwa huu katika nchi 7 za Ulaya. Waliona kwamba maumivu na uzito wa ulemavu humzuia mtoto kushiriki katika maisha ya wenzake. Lakini waliona pia kwamba watoto wa mashariki ya Denmark walishiriki zaidi kuliko wa mahali pengine wenye ulemavu kama wao. Kwa hiyo si mguu peke yake uamuao; mahali alipo mtoto nako huamua. Nasi askari, mahali hapo ni pa kwetu: geti ni letu, uwanja ni wetu, karakana ni yetu.

Uko mchezo uitwao bocha, ambao umo katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu tangu mwaka 1984, na ambao ulianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hii hii. Huchezwa kwa kukaa. Mpira mweupe hutupwa mbele, kisha upande mmoja wenye mipira 6 myekundu na mwingine wenye 6 ya buluu hushindana kuisogeza mipira yao karibu na ule mweupe. Mipira yaweza kushonwa kwa kitambaa kigumu na kujazwa mchanga au mtama. Asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa mteremko, ambao fundi wa karakana ataufanya kwa bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu. Ipo sheria moja hapo iliyotupendeza mno. Msaidizi anayeushika mfereji hukipa kiwanja kisogo, wala haruhusiwi kugeuka kutazama. Mtoto huonyesha kwa jicho au kwa kidole, kushoto kidogo, juu kidogo, na mtu mzima hutii. Tungependa kumwona koplo fulani tunayemfahamu katika kazi hiyo.

Kwa wale wawezao kutembea upo mpira wa miguu wa wachezaji saba, usio na kuotea, na ambao mpira uliotoka huweza kurudishwa kwa kuviringishwa kwa mkono mmoja. Penye bendi pana ngoma, na ngoma haihitaji magoti. Yako mambo machache ya kuangaliwa: mtoto aegemezwe vizuri, asikae juani, aulizwe kama anaumia, na mwenye kifafa asiachwe peke yake.

Hatuombi fedha mpya. Twaomba afisa wa michezo wa kila kikosi awajue watoto hawa kwa majina na nyumba, na ratiba ya michezo ya kambi iwe na saa yao. Twaomba vile vile kwamba askari anapohamishwa, kiti cha mtoto kipakiwe kwanza. Tumepata kuona kitanda na makochi yakipanda lorini na kiti cha magurudumu kikiachwa barazani. Tarehe 6 Oktoba kila mwaka, siku ya watoto hawa duniani, wakubwa hufika na biskuti na wapiga picha. Sisi wa uhusiano ndio tunaowaleta hao wapiga picha, na tunakiri kwamba siku ya pili yake hatujarudi.

Kwa yule sajini tulirudi. Bomba limekwisha kupasuliwa nyuma ya karakana, lakini kingo zake bado ni kali. Fundi ameahidi kulipiga msasa kabla ya Jumamosi.