Tusiache mbachao kwa pampu ya umeme

Katika shule nyingi za humu nchini, basi au lori kuukuu la dizeli ndilo tegemeo la kuleta unga na kuwapeleka wanafunzi michezoni. Linapoanza kuzimika njiani, lawama huishia kwa pampu inayovuta dizeli kutoka tangini, na mara nyingi ushauri ni kwamba itupwe, ya umeme itiwe mahali pake. Kabla fedha za wazazi hazijatolewa, yafaa swali moja liulizwe: je, ni pampu kweli iliyo mbovu?

Ieleweke kwamba injini nyingi za aina hii zina pampu mbili. Kubwa, ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuiunda kwa wingi mwaka 1927, husukuma dizeli kwenye nozeli kwa nguvu nyingi mno. Ndogo huivuta tu kutoka tangini na kuifikisha kwa ile kubwa. Mjadala wetu unahusu hiyo ndogo.

Pampu ndogo ya asili huendeshwa na injini yenyewe. Haihitaji betri, na injini ikizima nayo hukoma. Nyingi zina kijiti cha kupiga kwa mkono ili kutoa hewa. Ila yake ni kwamba kiwambo kikipasuka, dizeli yaweza kuvujia katika oili na kuifanya nyepesi, vyuma vikasagika. Oili inayoongezeka badala ya kupungua, tena inanuka dizeli, ni onyo lisilopuuzwa.

Ile ya umeme nayo ina sifa zake. Hujaza mabomba kabla injini haijawaka, hivyo kazi ya kutoa hewa huwa nyepesi baada ya kubadilisha chujio. Hata hivyo, hutegemea betri, fyuzi na nyaya. Waya mmoja ulioliwa na kutu watosha kuwalaza watoto barabarani. Nguvu yake ikizidi kipimo cha mtengenezaji, yaweza kuharibu sili za pampu kubwa. Na isipowekewa swichi ya kuizima pamoja na injini, yaweza kuendelea kumwaga dizeli bomba likikatika ajalini.

Isitoshe, huenda kasoro haimo katika pampu hata kidogo. Chujio lililoziba au mpira wenye ufa huleta dalili zizo hizo. Ufa uliokuwa ukivuta hewa, ukitiwa pampu ya umeme karibu na tangi, utaanza kuvuja dizeli nje. Ugonjwa utakuwa umebadilika sura tu.

Kwa hivyo, msimamo wetu ni kwamba vyombo vyote vikaguliwe kwanza. Vipuri vikipatikana, pampu ya asili itengenezwe. Ya umeme ichaguliwe pale tu vipuri vimeadimika, nayo iwe ya kipimo sawa, yenye fyuzi na swichi yake.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulinuia kuwapa vijana stadi za mikono. Nia hiyo haifai kuzikwa na mabadiliko ya mitaala. Walimu wawaite wanafunzi fundi anapofungua lori la shule, waone, waulize, washike. Kijana aliyezoea kutafuta chanzo cha kasoro hatauziwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.