Unga usio na ngano: Mfuko useme ukweli

Si ajabu siku hizi kukuta dukani mfuko wa unga wa mtama au ulezi umeandikwa kwamba unawafaa wagonjwa wa kisukari. Wasindikaji wadogo wameona soko na wamelikimbilia. Hilo si baya. Lakini yupo mteja ambaye maandishi hayo yanaweza kumlaza kitandani, naye ni yule mwenye kisukari pamoja na ugonjwa wa siliaki.

Siliaki humfanya mtu aumie utumbo mdogo kila anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Chakula hakifyonzwi ipasavyo. Mtoto huharisha, hudumaa na kupungukiwa damu, na wazazi hudhani ni minyoo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 kati ya 100 anao ugonjwa huu, na kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, wale wanaoishi kwa sindano za insulini, kiwango ni kikubwa mara kadhaa. Magonjwa yote mawili hutokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Mgonjwa anayehisi anao asiache ngano kabla ya kupimwa damu, maana kipimo kinaweza kushindwa kuuona. Akishaacha, daktari amwangalie upya kipimo cha insulini, kwani utumbo ukipona chakula hufyonzwa zaidi.

Kwa asili mtama, ulezi, uwele, mahindi, mchele na muhogo havina gluteni. Tatizo huanza mashineni. Unga wa lishe mara nyingi ni mchanganyiko, na baadhi ya wasindikaji hutia ngano humo bila kuitaja. Hata asiyetia, mashine iliyosaga ngano asubuhi hubakiza unga kwenye chekeche na kwenye kona za kinu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, basi. Kwa gunia la kilo 50 hiyo ni gramu 1 ya gluteni, ambayo hupatikana katika takriban kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano. Kijiko kimoja kwa gunia zima!

Jambo la pili ni wanga. Kukosa gluteni si kukosa sukari. Unga wa mchele na wa muhogo hupandisha sukari ya damu haraka, na uji mwepesi wa ulezi uliosagwa laini hauko mbali sana. Afadhali mtama usiokobolewa, uliwe kwa kiasi, pamoja na kunde, mbaazi, choroko au dengu. Hapo ndipo mkulima wa mikunde angeweza kupata nafasi, kwa sababu unga wa dengu uliochanganywa na wa mtama huongeza protini na kupunguza wanga bila kuleta gluteni.

Wagonjwa wa siliaki peke yao hawatamtajirisha msindikaji yeyote hapa nchini, na anayeahidiwa hivyo ajihadhari. Kutenga kazi kuna gharama, na ni haki kuiweka kwenye bei. Ila kuandika mfukoni kila nafaka iliyomo hakugharimu zaidi ya wino, na ni jambo ambalo wakaguzi wa viwango wangepaswa kulisimamia kwa ukali kuliko wanavyosimamia ukubwa wa nembo.

Mwenye mashine moja anaweza kutenga siku ya ngano, na kabla ya kurudi kwenye mtama afungue chekeche alisafishe, kisha unga wa kwanza kutoka auze kama chakula cha mifugo. Magunia yaliyobeba ngano au shayiri yasirudiwe. Asiyeweza hayo yote aandike tu kwamba mashine yake husaga ngano pia, mnunuzi ataamua mwenyewe.